Duara la Nyumbani

Ngailo aligeuza kiti chake akauliza, kwa sauti ya mtu anayehakikisha tu kwamba mlango wa nyuma ameufunga kabla ya safari, kama kwenye duara la nyumbani kuna mtu yeyote aliye kwenye saumu.

"Mama yupo," Zamda akajibu bila kuinua macho.

Ngailo akashukuru, akageukia kioo chake, akaliachia badiliko lake la programu liingie mferejini. Ilikuwa asubuhi, Ramadhani imefika katikati, na mvua ya usiku ilikuwa bado inachuruzika kwenye milima ya Uluguru nyuma ya jengo lao. Hakuna aliyesimama kushangilia. Pale Karakana badiliko halikuwa sherehe. Mabadiliko yalitoka asubuhi, yalitoka mchana, madogomadogo, kama mtu anayechochea moto kila mara ili usizimike, na kabla ya chai mengine yalikuwa yameshafika Bukoba na Mtwara, ndani ya miili ya watu waliokuwa wakipanga foleni benki au wakinyonyesha watoto bila habari.

Maana kazi ya Karakana ilikuwa makongosho. Kila aliyekuwa na kisukari nchini, asiyetaka tena kujidunga, alitiwa kongosho bandia chini ya mbavu, dude la ukubwa wa kipande cha sabuni, likapima sukari yake na kumpa insulini kadiri alivyohitaji. Watu walikuwa wamepona? Hapana, hawakupona. Ila walikula pilau la harusi tena, na waliokuwa wamekatazwa na madaktari kufunga wakafunga tena, wengine kwa mara ya kwanza tangu ujana wao. Mama yake Zamda, Bi Mwantumu wa Kondoa, alilia siku alipoambiwa anaweza kufunga. Alilia akamkumbatia daktari wa watu mpaka kofia ikamdondoka.

Zamani, waandishi wa programu za makongosho walikaa jengo moja, na walinzi wa mitambo walikaa jengo jingine, na katikati palikuwa na ukuta na chuki ya miaka. Toleo jipya lilitoka mara moja kwa mwaka, limebeba makosa ya mwaka mzima, na likiharibika huyu anasema ni yule, yule anasema ni huyu, na mgonjwa anazikwa hapo katikati. Dada Kokuhirwa, mama mmoja wa Kihaya asiye na haraka ya kusema, ndiye aliyeubomoa ule ukuta. Aliwaketisha wote chumba kimoja. Akasema anayeandika ndiye atakayelinda, na kengele ikilia itamlilia yeye mwenyewe. Akaujenga Mfereji, wenye mageti ya majaribio yanayojifungua na kujifunga yenyewe, ili kosa dogo lionekane likiwa bado dogo. Na mwisho akaweka desturi ambayo wageni waliotembelea Karakana wakiambiwa walidhani wanataniwa: kila badiliko linaanzia kwa ndugu wa Karakana wenyewe. Mama yako, shangazi yako, kaka yako mwenye kongosho, kwa hiari yake, ndiye wa kwanza kulipokea, na wewe ukimwangalia. Likikaa salama kwao, ndipo linakwenda mtaani, kisha nchi nzima. Kokuhirwa alisema hawezi kumpelekea mtu wa mbali kitu anachoogopa kumpelekea wa kwao.

Basi duara la nyumbani ndilo hilo. Na Zamda alikuwa amelidanganya.

Hakulidanganya kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtesa baadaye. Mwezi wa Shaabani badiliko moja la mtu mwingine lilimshusha mama yake sukari akiwa jikoni. Kizunguzungu kikamwangusha, mkono ukagusa sufuria, ngozi ikabanduka. Kengele ililia, badiliko likarudishwa nyuma papo hapo, likarekebishwa, na hakuna mwingine hata mmoja aliyeumia. Duara lilifanya kazi yake. Bi Mwantumu mwenyewe alicheka kwenye simu, akasema kidonda si kitu, mbona akiwa msichana aliungua zaidi kwa maandazi. Zamda hakucheka. Zamda alikaa na picha ya ule mkono kichwani siku nyingi, na mchana mmoja, watu wakiwa wamekwenda kula, aliligandisha kongosho la mama yake kwenye toleo la zamani na kulifundisha liuambie Mfereji kila mara kwamba limepokea. Kwa mwenye funguo ilikuwa kazi ndogo. Kwenye ubao mkubwa wa ukutani jina la Bi Mwantumu likaendelea kuwaka kijani pamoja na majina ya wenzake.

Aliposema "Mama yupo", basi, ubao ulimuunga mkono.

*

Badiliko la Ngailo lilikuwa zuri. Lazima hilo lisemwe. Makongosho yalikuwa yakichelewa kidogo baada ya mlo wa jioni, sukari ikipanda kwa saa kadhaa kila siku, na kupanda huko, mwaka baada ya mwaka, kulikuwa kukila macho na miguu ya watu. Ngailo, kijana wa Makete aliyempoteza baba yake kwa kidonda cha mguu kisichopona, alikuwa amelifundisha kongosho kuotea mlo kabla haujaliwa. Mkono wa mtu anayepika una mwendo wake. Unakata, unakoroga, unaonja. Kongosho likiuhisi mwendo huo lingetanguliza insulini kidogo, ili chakula kikifika kiikute.

Majaribio yote yalipita. Duara la nyumbani likapita, wanne wao ndugu wa Ngailo wa kule Makete, wengine wa Bukoba, na Bi Mwantumu wa Kondoa akiwaka kijani. Adhuhuri lilikuwa limeshaenea nchi nzima.

Kengele ililia wakati wa alasiri. Ilianza Tunduru, ikafuata Tanga, kisha Ujiji. Ngailo aliruka kutoka kwenye kiti. Hakuuliza mtu ruhusa, kwa sababu pale ruhusa haikuombwa, akalirudisha badiliko nyuma kabla kengele haijamaliza kulia. Makongosho ya nchi nzima yakarudi toleo la jana. Watu wa Tunduru na Tanga walipewa maji ya sukari na majirani wakafumbua macho.

Mtu wa Ujiji hakufumbua. Aliitwa Haruni Kabwe, fundi seremala, mgane, na kila Ramadhani alikuwa na kawaida ya kupika sufuria kubwa ya uji nje ya karakana yake ili wapita njia wasiokuwa na futari wapate cha kufungulia. Alikuwa peke yake akikoroga. Aliyemkuta alidhani amekaa kupumzika.

Ngailo alipopata habari alitoka nje, akasimama mvuani bila mwavuli. Zamda alimwona kwa dirisha. Alitaka kumfuata, akabaki palepale dirishani. Alikuwa ameshajua. Kukoroga bila kuonja, kupika bila kula, tumbo tupu tangu daku: mama yake angekuwa jikoni Kondoa tangu asubuhi, maana hupika maharage ya futari mapema ili yaive polepole. Duara likipokea kitu huanza na kipimo kidogo, kisha siku ya pili ndipo nchi. Lakini kwa badiliko ambalo duara zima linawaka kijani, Mfereji huruhusu lipite mapema. Kijani kimoja cha uongo ndicho kilichofungua geti. Kama angelipokea, mama angetetemeka, angekunywa maji ya sukari, angempigia simu kulalamika kwamba amemharibia saumu. Na Haruni Kabwe angekoroga uji wake mpaka magharibi.

*

Kesho yake asubuhi walikaa kikao cha bila lawama. Ndivyo walivyokiita, na ndivyo kilivyokuwa. Likitokea baya, Karakana haikuuliza nani. Iliuliza vipi. Kokuhirwa aliamini kwamba mtu akiogopa kunyooshewa kidole ataficha, na kinachofichwa ndicho kinachoua. Walisimama kwanza kimya kwa ajili ya marehemu. Ngailo alikuwa amevimba macho na hakujaribu kuyaficha.

Alieleza alichofanya, hatua kwa hatua, bila kujitetea. Kisha akasema kwamba yeye alipoamka wazo lake la kwanza lilikuwa saumu. Walioanguka wote walikuwa wamefunga. Lakini, akasema, Bi Mwantumu naye amefunga, naye hupika, na mstari wake wa sukari umenyooka siku nzima. Akauonyesha ukutani. Ulikuwa umenyooka kweli. Kwa hiyo si saumu. Yeye sasa anaona tatizo ni vipimo vipya vilivyopelekwa mikoani mwezi uliopita, ambavyo joto huvisumbua. Alikuwa ameshaandika marekebisho. Majaribio yamepita. Watu wanazidi kupoteza macho kila jioni inayopita, na akiruhusiwa, badiliko lingerudi mferejini kabla ya adhuhuri.

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mantiki ilikuwa safi.

Zamda aliitazama ile picha ya mama yake ukutani, mstari ulionyooka kama uzi wa fundi, na akaona kwa uwazi kinachokuja. Alasiri ingefika. Wanawake wangekaa jikoni nchi nzima na kuanza kukoroga. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe. Angefuta alichofanya kwenye kongosho la mama kwa dakika chache na siri ikaisha. Na kama angesema, kila mtu chumbani angejua kwamba yeye, mwenye kusifia desturi ya duara mbele ya wageni, alimtoa wa kwake na kuwaacha wa wenzake. Ngailo alikuwa ameweka shangazi zake wanne pale.

Alijaribu kutafuta njia ya katikati. Aombe siku moja ya kuchunguza zaidi? Aseme ana wasiwasi tu? Alikuwa ameshafungua mdomo kusema hivyo, na sauti iliyotoka ikawa nyingine.

"Mstari huo ni wa toleo la zamani," akasema. "Mama yangu hajapokea badiliko lolote tangu Shaabani. Nililigandisha. Nililifundisha lidanganye."

Nje mtu alikuwa akifagia maji ya mvua kwenye baraza, na ufagio wake ulisikika chumba kizima. Zamda akaendelea kueleza yote, mkono ulioungua, funguo, mchana ule watu wakiwa wamekwenda kula. Aliposema kwamba Ngailo alimuuliza na yeye akajibu, alilazimika kuanza sentensi upya.

Alingoja wamtukane. Alitaka wamtukane. Kokuhirwa aliinuka taratibu, akachukua kalamu, akaandika ubaoni: *Duara liliweza kukubali kijani bila mwenye mwili kujibu.* Hakuandika jina. Akauliza kilichowezesha jambo hilo kufanyika bila wao kuona, na nini kifanyike lisiwezekane tena. Wenzake wakaanza kujibu, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa bidii. Ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo kongosho halitasema limepokea. Mwenyewe ndiye atakayesema, kwa sauti yake, na sauti hiyo ndiyo itakayowasha kijani. Tena badiliko lolote la Ramadhani lisivuke duara bila mpishi mwenye saumu.

Ilikuwa huruma, na Zamda aliihisi kama mzigo mkubwa kuliko tusi. Watu walipokuwa wakitoka, Ngailo alisimama karibu na kiti cha Zamda, akikunjakunja kofia yake mkononi.

"Ningeniambia tu unaogopa," akasema, akajirekebisha, maana ulimi ulikuwa umechoka. "Ungeniambia. Mimi pia naogopa kila siku."

Akaenda kuandika upya badiliko lake. Sasa kongosho, siku ya saumu, lisingeuamini mkono tena. Lingesubiri mpaka mtu ameze.

Ilibaki kumpata wa kwanza kulipokea. Kokuhirwa alisema halazimishwi mtu, na kwamba wangeweza kutafuta mpishi mwingine. Zamda akasema kiti hicho kina mwenyewe, na kwamba yeye ndiye wa kwenda kumuuliza.

*

Alifika Kondoa mchana wa siku iliyofuata, kwa treni mpaka Dodoma na kisha kwa basi la umeme. Bi Mwantumu alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Zamda akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba mara mbili kwa furaha, akaulizwa mbona hakusema anakuja, mbona amekonda, kazi inamla au vipi. Yule mama alikuwa mcheshi hata akiwa na njaa ya saumu. Kwenye mkono wake kovu lilikuwa limeshageuka rangi.

Zamda alikaa chini, kwenye jamvi, akamwambia. Alimwambia yote bila kupunguza, na jina la Haruni Kabwe akalitaja.

Bi Mwantumu alisema innalillahi. Vidole vyake viliacha kuchambua.

"Unajua Mwasiti wa hapo nyuma?" akauliza. "Alikuwa hataki kutiwa kongosho. Anaogopa. Mimi nikamwambia, Mwasiti, wewe usiwe na hofu, kila kitu kinaanzia kwangu, kikinidhuru mimi wewe hakikufikii. Nimemwambia hivyo yeye, na mke wa imamu, na watu wa sokoni. Wametiwa kwa neno langu." Akauweka ungo chini. "Umenifanya muongo, Zamda. Kwenye mwezi huu."

Zamda akalia. Alisema alitaka tu mama yake abaki. Mama yake akasema anajua, na kwamba kupendwa hakumuudhi. Kilichomuudhi ni kutoulizwa. Mwili ni wake, hofu ni ya Zamda, na Zamda alikuwa ameuchukua mwili akauweka ndani ya hofu yake kama kitu cha kabatini.

Hakumwambia nimekusamehe. Aliinuka kwa kujisukuma magotini, akaenda jikoni, akauliza yule marehemu wa Ujiji alikuwa akipika nini.

"Uji," Zamda akasema.

Basi Bi Mwantumu akaacha maharage, akabandika uji. Zamda akakaa kando yake na glasi ya maji ya sukari, na simu ikiwa gotini imeunganishwa na Karakana. Alijua kwamba Morogoro Ngailo na Kokuhirwa walikuwa wamesimama mbele ya ubao uleule. Alilifungua kongosho. Badiliko likashuka. Sauti ndogo kutoka chini ya mbavu za mama yake ikauliza kama amepokea, na kama anakubali.

"Nimepokea," Bi Mwantumu akasema, kwa sauti ile anayoitikia dua. "Nakubali."

Kule Morogoro jina lake likawaka kijani.

Alianza kukoroga. Mwiko ulizunguka. Zamda alitazama mstari kwenye simu mpaka macho yakamwuma. Sukari ilikuwa chini, kama ya mtu yeyote aliyeshinda na saumu, ikashuka kidogo, na mkono wa Zamda ukaibana glasi. Mama yake akamwambia aache kumpumulia, joto linatosha. Mstari ukashuka tena kidogo. Kisha ukatulia. Mwiko uliendelea kuzunguka, uji ukaanza kuwa mzito, na kongosho halikutoa kitu. Lilisubiri. Lilisubiri mpaka adhana, mpaka Bi Mwantumu alipotia tende mdomoni na kumeza, ndipo likafanya kazi yake.

Karakana ikauliza kwenye simu kama mlinzi ameona kwa macho yake. Zamda akaandika kwamba ameona. Geti la mtaa likafunguka.

Walikunywa uji. Mama yake alipomaliza akaifunika sufuria.

"Huko kwenu hamtoleani lawama," akasema. "Ni vizuri, mnafanya kazi. Lakini marehemu ana watoto, na wao hawakukaa kwenye kikao chenu. Nenda Ujiji."

Zamda akasema Karakana imeshatuma ujumbe wa pole, wenye maelezo yote.

"Umeandikwa jina lako?"

Haukuandikwa. Hakukuwa na jina la mtu yeyote.

*

Nyumba ya Haruni Kabwe ilikuwa nyuma ya karakana yake, na mlangoni palikuwa na mlango mwingine, mpya, wa mninga, umeegemezwa ukutani bila bawaba, kazi ya mteja iliyokatika katikati. Nje majirani walikuwa wameibandika sufuria yake kubwa juu ya mafiga. Walikuwa wakikoroga kwa zamu. Mmoja wao, mzee mwenye kongosho, alimweleza Zamda bila kuulizwa kwamba alikuwa na hofu ya kushika mwiko, ila jana wamesikia badiliko limerekebishwa, na limepitia kwanza kwa bibi mmoja Kondoa.

Binti wa marehemu alitoka akifuta mikono kwenye kanga. Alimsalimia mgeni, akamkaribisha kigodani, akadhani ni wa msibani kama wengine. Akamuuliza kwa upole yeye ni nani kwa marehemu, maana hajapata kumwona.

Zamda hakukaa. Alikuwa amejizoeza maneno njia nzima, kuhusu Mfereji na mageti na kijani, na pale mbele ya uso wa yule dada hayakumfaa hata moja.

"Naitwa Zamda Dossa," akasema. "Niliulizwa kama mama yangu yumo, nikasema yumo. Hakuwemo. Ndiyo maana ikamfikia baba yako."

Yule binti akamtazama, kisha akauliza maana yake ni nini, amweleze vizuri. Zamda akaanza kumweleza.